Mtaa Tuliotumwa Kuutazama

Kikapu cha kahawa kiliponifikia nilikipitisha kwa jirani yangu bila kuchukua hata punje moja. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha, barazani kwa mwenyekiti, mbele ya wanakikundi wote, mtoto wangu wa miezi saba akiwa amelala mgongoni.

Mtu wa mbali anaweza kujiuliza kosa liko wapi. Huku Karagwe kahawa inatafunwa. Inachemshwa na majani yake, inaanikwa mpaka inakauka, halafu inawekwa kwenye kikapu kidogo cha kusuka, na mgeni akifika ndiyo anayokaribishwa nayo. Kikundi chetu cha wanawake pale Nyaishozi kinalimiana kwa zamu, Jumanne kwa huyu, Alhamisi kwa yule, na vikao vyetu vyote vinafungwa kwa kikapu hicho. Ukichukua ukatafuna, umekubali. Usipochukua, hujakubali, na kikao hakifungwi. Tuna katiba ya kuandikwa yenye kurasa sita, lakini hakuna aliyewahi kuibishia kahawa.

"Kahawa imekupita," mwenyekiti akaniambia.

"Haijanipita, mama. Nimeipitisha mimi."

Kilichokuwa kinafungwa siku ile ni safari. Kila mwaka, maharage yakishavunwa, tunatoka pamoja siku moja kwenda kutazama mahali. Mwaka wangu wa kwanza, nilipoolewa kutoka Kyerwa, waliniambia bibi harusi hatembei, abaki aangalie nyumba. Mwaka uliofuata walikwenda kwetu kabisa, Kyerwa, kwenye chemchemi ya maji moto, mimi nikiwa na mimba. Wakasema maji yale si ya mjamzito, subiri mwaka kesho. Walirudi wamenibebea maji ya kwetu kwenye chupa ya soda. Nilinawa uso, nikashukuru.

Sasa mwaka kesho wenyewe ulikuwa umefika. Safari hii ilikuwa ya mjini, kule ziwani. Binti wa mwenyekiti alikuwa ameweka kwenye simu picha za mtaa mmoja wa mlimani: kuta za rangi ya bluu na pinki, ngazi za mawe zinazopinda kati ya nyumba, maua kwenye makopo, na ziwa chini limetulia. Picha zile zilitembea Nyaishozi nzima. Wengine walisema nyumba ya rangi si kitu cha kupandia basi, wapake za kwao wakae wazitazame. Wengine walishachagua ngazi watakayokalia wakiwa na gauni la sare. Mimi sikuwa na ubishi. Tangu niolewe nilikuwa sijavuka gulio la Jumamosi, na nilitaka kuuona mtaa ule kwa macho yangu.

Ndipo katibu akasoma majina ya wasafiri. Katibu wetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sisi sote tunamwita mwalimu. Alipomaliza majina alisoma sentensi moja ya chini, kwa sauti ileile ya kusomea mahudhurio: wajawazito na wanaonyonyesha watabaki, kwa sababu ngazi za kule si za mtu mwenye mtoto.

Kikapu kikaanza kuzunguka. Mengine nimeshayasema.

Nilisimama. Sikupiga kelele, maana mtoto alikuwa amelala, lakini nilisema. "Jumanne nimepalilia kwako, mwalimu, mtoto yuko mgongoni. Alhamisi nimembebea mama mwenyekiti samadi, mtoto yuko mgongoni. Na shamba lako, mwalimu, liko kwenye mteremko ambao hata mbuzi anasali kabla ya kushuka. Mbona siku hiyo hamkusema si pa mtu mwenye mtoto?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alisema mimi ni mtoto wa juzi na nina mdomo. Nikamjibu kwamba mdomo ninao, na jembe ninalo pia, na jembe langu hawajawahi kuliacha nyumbani.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja, mkubwa wetu sote. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kutafuta vibarua, wakabaki, na yeye huwa anasema neno moja kwa kikao. Siku ile alisema zaidi kidogo.

"Mnagombania bibi harusi ambaye hakuna aliyekwenda kumwona kwao. Tumeni watu. Na wakifika wasiishie mbele ya nyumba. Mbele kila mtu anafagia. Waende nyuma, waone wanakochota maji, choo kikoje, na mtoto wa pale ukimsalimia anaitikia au anakimbia. Ndiyo mtajua kama ni pa kwenda."

Hilo halikuwa na mpinzani, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyooza na kuozwa wote. Hata mimi walikuja watu wawili kwetu wakaomba maji ya kunywa, na macho yao yakapitiliza moja kwa moja hadi kwenye migomba ya nyuma. Ikaamuliwa waende wawili wasiokubaliana, ili ripoti isiwe ya upande mmoja. Mwalimu, na mimi. Na mtoto, nikaongeza.

Tuliondoka na basi la asubuhi. Mwalimu alivaa viatu vya kufunika na kubeba daftari alilolichora mistari, safu nne: Uzuri, Usalama, Huduma, Mengineyo. Nilijiandaa kununa mpaka tufike, lakini si rahisi kumnunia mwalimu. Kabla hatujafika daraja la Kyaka alikuwa ameshampakata mtoto, anamwimbia za darasa la kwanza. Akanisimulia jinsi alivyomnyonyesha kifunguamimba wake darasani, amekaa nyuma ya mlango huku darasa la nne wananakili hesabu ubaoni. Nikamuuliza, sasa mwalimu, wewe uliyenyonyeshea darasani ndiye unayeniambia mimi nibaki? Akasema ndiyo maana anajua ilivyo tabu. Nikaangalia dirishani. Kuna majibu yanayokuonyesha kwamba aliyeyatoa hakuyatafuta sana.

Ukitokea chini, mtaa ule ni kama picha, na zaidi. Picha haina harufu ya samaki wanaokaangwa wala redio tatu zinazoimba nyimbo tofauti. Kuta zile zilipakwa na watu, maana ukisogea unaona alama za brashi na mahali rangi ilipoishia wakamalizia na nyingine. Nilipenda kuliko nilivyotegemea. Mwalimu alifungua daftari akiwa chini bado, akaandika kwenye Uzuri: vizuri sana.

Tukaanza kupanda. Ngazi zilikuwa za kawaida kwa mtu anayetoka kwetu. Nilimfunga mtoto vizuri kwenye mbeleko nikatangulia, na kila nilipogeuka mwalimu alikuwa amesimama anatazama ziwa. Alilitazama kwenye kona ya kwanza. Akalitazama kwenye kona ya pili, ambako halionekani. Sijawahi kuona mtu anayelipenda ziwa namna ile. Kwenye kona ya tatu alikaa chini kabisa, juu ya ngazi, mbele ya mlango wa mtu, akaanza kukanda magoti kwa mikono yote miwili.

Nilirudi nikakaa karibu naye.

"Magoti yamekataa," akasema. "Yalianza mwaka jana. Kule chemchemi nilibaki ndani ya gari, nikasema nina kichwa."

"Ungesema, mwalimu."

"Niseme ili iweje? Siko peke yangu. Mwenyekiti naye ni hivihivi, na wenzetu wawili wa umri wetu. Mkijua, mwaka kesho katibu mwingine atasimama asome kwamba vikongwe watabaki. Usiwaambie."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira ikanipanda upya, ila ilichanganyika na kitu kingine. Watu wazima wale walijua ngazi zitawashinda. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwekwa mbele, ili kama safari ikivunjika ivunjike kwa sababu ya vichanga, na kama ikiwepo waende wachache, polepole, bila kijana wa kuwatangulia akawaonyesha walivyozeeka. Mtoto wangu alikuwa anabebeshwa magoti ya watu.

"Sitasema," nikamwambia. Na nilimaanisha.

Mlango wa nyuma yetu ukafunguka. Alitoka mwanamke wa umri wa mwalimu, ungo wa dagaa mkononi, akatuambia bila salamu kwamba tukimaliza kupiga picha tupishe, yeye anapita. Mwalimu alijaribu kusimama, ikashindikana, akabaki hapohapo amekaa.

"Hatupigi picha, mama. Habari za hapa? Samahani, tumekukalia mlangoni. Ni magoti."

Yule mama aliweka ungo chini. Alitutazama, akamtazama mtoto, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Alisema mlango wake umepigwa picha na watu wengi kuliko walivyopigwa wajukuu wake, lakini wanaomwambia habari za hapa anaweza kuwahesabu kwa vidole na vikabaki. Kisha akamuuliza mwalimu nani alimdanganya apande ngazi.

"Kwani kuna njia nyingine?"

"Sisi wa hapa unadhani tunapandisha mkaa kwa ngazi? Ngazi ni za wageni. Njia iko nyuma."

Akatupitisha katikati ya nyumba yake, mlango wa mbele mpaka wa nyuma, na kweli, nyuma kulikuwa na barabara ya vumbi inayozunguka mlima taratibu. Bajaji mbili zilikuwa zimeegeshwa kwenye kivuli. Palikuwa na bomba la maji na foleni ya ndoo, dagaa wameanikwa kwenye nyavu, na choo cha majirani watatu, kimesuguliwa, mlango unafungika kwa ndani. Mtoto mdogo wa kike alikuwa anachezea maganda ya ndizi. Nilipomsalimia hakuitikia wala hakukimbia. Aliniuliza mtoto wangu anaitwa nani, na kwa nini hana viatu. Nikasema hajui kutembea. Akasema, basi mwache abebwe.

Nilikaa kwenye kigoda cha yule mama nikanyonyesha. Mbele yangu ziwa lote, bila kupanda zaidi, bila ukuta wa rangi. Mtoto aliponyanyua kichwa akaona dagaa, akanyoosha mkono, akamkamata mmoja akamtia mdomoni, nikamtoa, akalia, wote tukacheka. Yule mama alituambia kama wenzetu watakuja basi waje, wanaotaka ngazi wapande ngazi, wasiotaka wapande bajaji wakutane pale kwake, watu hata ishirini wanaenea kwenye ule uwanja. Kitu kimoja tu aliomba, tubishe hodi.

Kwenye basi la kurudi nilimwambia mwalimu kwamba mtaa ule ni wa kwenda. Akasema hata yeye ameona. Alikuwa anaandika, daftari ameliinamisha upande wa dirisha. Sikuchungulia. Nilidhani tumeelewana.

Kikao kilichofuata alisimama akasoma. Uzuri: vizuri sana. Huduma: maji na choo vipo, visafi. Usalama: ngazi ni kali na ndefu, hazifai kwa wanachama wenye watoto wadogo. Mengineyo: hakuna.

Nilimtazama. Yeye alitazama daftari.

"Ndivyo ilivyokuwa?" mwenyekiti akaniuliza.

Neno moja lingetosha. Magoti. Lilikuwa kwenye ulimi kabisa, na baraza zima lilikuwa linalisubiri bila kujua linasubiri nini. Nikasema tu kwamba kuna barabara nyuma, bajaji zinapanda. Mwalimu akasema ile ni barabara ya kupandishia mkaa, si ya wageni. Wakubwa wakatikisa vichwa kumkubalia, mwenyekiti wa kwanza. Kikapu kilipotolewa sikusubiri kinifikie. Nilimfunga mtoto nikaondoka, na kuondoka kabla kikao hakijafungwa ni kosa kubwa kuliko kupitisha kahawa.

Mume wangu aliniambia niwaache. Akasema siku moja atanipeleka mwenyewe, sisi watatu, tutapiga na picha. Ni mtu mwema, na hiyo siku moja nimeishi nayo tangu harusi. Nilimwambia kwamba safari na yeye naitaka, lakini hii si hiyo. Hii naitaka na wale ninaopalilia nao. Nikikubali kubaki mwaka huu, mwaka kesho nitakuwa na mimba nyingine, na mwaka wa kesho kutwa kichanga kingine, na siku nitakayokuwa huru nitakuwa na magoti. Hakuelewa hilo la magoti. Sikumweleza.

Nilichomoa karatasi katikati ya daftari. Nilimaliza kidato cha nne, barua rasmi najua kuandika, na katiba yetu inasema kwenye ukurasa wa tano kwamba mwanachama mwenye malalamiko atayaandika na kuyapitisha kwa katibu. Kwa katibu, yaani kwa huyohuyo. Niliandika mara tatu. Mara ya kwanza nilitukana. Mara ya pili nililia, nikaona karatasi inaharibika. Mara ya tatu niliandika kilichotokea, nikaruka kitu kimoja.

Nilimkuta mwalimu nje kwake anamenya ndizi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na maneno?"

"Nimekuja na barua."

Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Akarudia kusoma, taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na nilijua anachokitafuta. Alipofika chini alivua miwani.

"Hukuandika."

"Niliahidi."

"Ungeshinda kwa neno moja."

"Najua, mwalimu. Na leo bado nimekukasirikia, usidhani vinginevyo."

Aliingia ndani. Nilifikiri amekwenda kuifungia barua kabatini, nikaanza kutafuta maneno yale ya rasimu ya kwanza. Alitoka na kalamu. Kati ya aya yangu ya tatu na ya mwisho nilikuwa nimeruka nafasi kubwa, kama tulivyofundishwa. Akainama akaandika hapo kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama kama askari. Halafu juu pembeni akaandika kwamba barua imepokelewa, akatia sahihi, na kuniambia sahihi moja ya malalamiko ni uchokozi, tatu ni hoja. Wenzangu wawili wenye vichanga walitia zao jioni ileile, mmoja kwa dole gumba. Kesho yake asubuhi barua ilikuwa mezani kwa mwenyekiti. Hii hapa, neno kwa neno.

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Wanawake,
Nyaishozi.

Kupitia kwa Katibu.

YAH: MALALAMIKO YA KUACHWA WANACHAMA WANAONYONYESHA KATIKA SAFARI YA MWAKA

Mama mwenyekiti, shikamoo. Kichwa cha barua kinajieleza.

Kwanza, nalalamika kwamba nimeachwa safari tatu mfululizo, kwa kuwa bibi harusi, kwa kuwa mjamzito, na sasa kwa kuwa nanyonyesha. Katika muda huohuo sijaachwa zamu hata moja ya kulima.

Pili, nalalamika kwamba mimi nilitumwa pamoja na katibu kuutazama mtaa wa mlimani, lakini ripoti ilisomwa ya mmoja. Yangu ni hii. Mtaa ule ni wa kwenda. Mbele ni pazuri na nyuma ni pazuri zaidi, kwa sababu nyuma kuna watu. Mtoto wangu nilipanda naye, akanyonya, hakupata tabu yoyote isipokuwa kunyang'anywa dagaa.

Tatu, nalalamika kwamba barabara ya nyuma ilitajwa na ikapuuzwa. Barabara hiyo ipo, bajaji zinapanda, na kuna mama wa pale aliyetukaribisha wote kwake.

Nne, mimi katibu nathibitisha kwamba barabara ipo na kwamba niliificha. Ngazi zilinishinda mimi. Mwenzangu mwenye mtoto hazikumshinda. Nina magoti mabovu, na naamini siko peke yangu. Naomba nami nisiachwe.

Kwa hiyo tunaomba uamuzi ufunguliwe upya na sentensi ya chini ifutwe, twende wote, wa ngazi kwa ngazi na wa bajaji kwa bajaji. Tunaomba jibu kabla ya Jumanne. Jumanne ni zamu ya shamba lako, mama, na tutakuja kupalilia hata jibu likiwa baya, ila tutakuja nalo.

Wanachama watatu na watoto wao.